Funjo Kwenye Kibao: Kisa cha Nembo ya Bonde Dogo la Busia

"Katibu, hebu nionyeshe funjo hata moja hapa kwangu."

Aliyesema hivyo alikuwa mkulima wa mpunga. Alikuwa amesimama kwenye tope linalomfika vifundoni, jembe begani, na nyuma yake kibao chetu kipya kilikuwa bado kinanuka rangi. Kwenye kibao palikuwa na nembo ya bonde letu: mashina matatu ya mafunjo yakiinuka kutoka kwenye mstari wa maji, vichwa vyake vimetimka kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nembo hiyo tuliichagua kwa mikutano minne na kura moja. Tuliisimamisha pale ili kila apitaye ajue kwamba amefika kwenye ardhi oevu, au swampu kama wengi wetu tunavyosema. Mkulima aliisoma vizuri kuliko sisi tuliolipia rangi. Kama alama ya kinamasi ni funjo, alisema, basi pasipo na funjo si kinamasi, na shamba lake halina hata moja.

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye katibu wa kamati ya bonde, kumbukumbu za mikutano yote ninazo, na nimezirudia mara kadhaa kutafuta mahali tulipojikwaa. Naandika kisa hiki kwa sababu najua kamati nyingine, mabonde mengine, nazo zitaombwa siku moja zichague mmea wa kuchora kwenye kibao.

Maji yanaelekea wapi

Busia yetu ni ile ya Uganda. Ukivuka geti uko Busia ya Kenya. Kijito tunachokitunza ni kidogo, ramani nyingi hazikitaji, na kinamwaga maji yake kwenye mto Sio. Sio unaanzia Kenya, upande wa Bungoma, unashuka kusini-magharibi, na ukikaribia mwisho wake unakuwa mpaka wa nchi mbili kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Kaskazini kidogo kuna mto Malaba. Huo nao unapita mpakani, lakini hauna habari na Viktoria: unaelekea magharibi, unaungana na Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga.

Katika mkutano wa kwanza mzee mmoja alilieleza jambo hili kwa kikombe cha chai. Alikimwaga juu ya meza iliyobinuka kidogo katikati, chai ikagawanyika. "Hii imekwenda Kyoga," alisema, "na hii imekwenda Viktoria. Lakini ile ya Viktoria itatoka Jinja kwa Nile, itakuja kuikuta mwenzake Kyoga." Tangu hapo sikuhitaji tafsiri nyingine ya neno bonde. Ni upande wa meza unaoipeleka mvua yako mahali pamoja na mvua ya jirani yako.

Tulikuwa watu kumi na watatu. Mezani palikuwa na Kisamia, Kigwe, Kiteso, Kiganda na Kijaluo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha sokoni, na kwa kuwa mimi naandika Kiswahili bila kukwaruza sana, ukatibu ukaniangukia. Nembo haikuwa wazo letu. Ofisi moja iliyotusaidia kwa mafunzo ilitaka bonde liwe na alama ya kuweka kwenye muhuri na vibao, ikatupa masharti matatu: mmea uwe wa asili, uwe unaota ndani ya bonde, na uwe unatambulika kwa mbali hata na mtoto wa shule. Hakuna aliyeyapinga. Yalisikika ya busara, na kwa kweli mawili ya kwanza ni ya busara.

Wagombea wanne

Wa kwanza aliletwa na watoto. Mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita wachore ua zuri kuliko yote waliyowahi kuyaona majini. Karibu wote walichora ua la zambarau hafifu lenye doa la manjano kwenye petali moja. Michoro ilipita kutoka mkono hadi mkono, mwenyekiti akaanza kutabasamu, hadi ilipomfikia mvuvi. Aliitazama kwa muda, akairudisha mezani, akasema, "Hili ni gugu maji."

Gugu maji si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Nchini Uganda lilionekana Ziwa Kyoga mwishoni mwa miaka ya 1980, likafika Viktoria muda si mrefu, na katika miaka ya 1990 liliziba ghuba na magati hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Ilibidi waletwe wadudu wa jamii ya fukusi, ambao asili yao ni huko huko lilikotoka, ili walitafune. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alipokuja, mwenyeji alikosa hewa. Mtu mmoja aliuliza, sisi watu wa mpakani tunaoulizwa vitambulisho kila siku, mmea huu ulipitia geti gani. Tulicheka, lakini niliwahurumia watoto. Kwa aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, gugu maji limekuwapo kabla yake. Atajuaje kwamba ni mgeni? Neno "asili" halionekani kwa macho. Lazima mtu akusimulie.

Yungiyungi lilipendekezwa na dada anayeuza sare za shule, na halikupata watetezi wengi. Ni zuri, ni la hapa hapa, lakini linataka maji yaliyotulia na yaliyo wazi, na kijito chetu hayo kinayo mahali pawili tu.

Wa tatu alikuwa mkindu, na aliyeuleta ni yule yule mzee wa kikombe cha chai. Mkindu hauoti katikati ya maji. Unasimama kingoni, pale ambapo miezi mingine unakanyaga tope na miezi mingine vumbi. Majani yake ndiyo ukindu unaosukwa ukili na kushonwa mikeka myembamba, ile ya kumtandikia mgeni. Mzee alizungumza kwa dakika mbili tu na kuketi. Kisha fundi wa vibao, tuliyemwalika atupe bei, akasema ukichorwa kwa rangi mbili utafanana na mnazi, na watu watadhani ni kibao cha hoteli. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kwenye kumbukumbu zangu nimeandika tu "mkindu haukuungwa mkono sana". Sentensi hiyo naijutia kuliko zote.

Mafunjo yaliingia na mama mmoja anayefuma majamvi. Hakuja na hotuba. Alikuja na shina moja bichi, refu kuliko mlango, akalazimika kuliinamisha ili apite nalo. Funjo lililokua vizuri huweza kufika mita 4 hadi 5, na ukilishika unagundua mara moja kwamba haliviringiki mkononi, maana shina lake lina pembe tatu. Alilipasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na moyo mweupe, mwepesi kama sponji. Akatueleza anachofanya nalo: majamvi ya kuanikia dagaa na mihogo, kuta za vibanda, zile ambazo Waganda huziita ebiwempe, kamba, vikapu, na mabaki ya kuwashia moto.

Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, na mkilikata kila siku si litaisha?"

"Nikikata leo na kuliacha, mwakani nakata pale pale," alijibu. "Nikilirudia kila baada ya miezi mitatu linakonda, halafu linaniachia nyasi."

Hapo alikuwa amekieleza kile ambacho wataalamu wa mimea hueleza kwa kurasa nyingi. Chakula cha akiba cha funjo kiko kwenye shina nene linalotambaa chini, ndani ya maji na tope. Ukikata sehemu ya juu mara moja kwa mwaka, akiba inatosha kurudisha machipukizi. Ukikata kabla halijarudisha akiba, unakula mtaji. Mashina hayo ya chini husokotana na mizizi hadi yakawa mkeka mnene unaoweza kuelea juu ya maji, na mtu mzima akatembea juu yake kwa tahadhari. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwalimu akaongeza ya kwake, na hapa nakiri kwamba ndipo kura yangu iliponaswa. Mafunjo, alisema, yaliwahi kuwa nembo kabla yetu, tena kwenye mwisho wa maji yaya haya. Misri ya kale ilikuwa na pande mbili, na upande wa chini, kwenye delta ambako Nile inaingia baharini, alama yake ilikuwa funjo. Upande wa juu alama yake ilikuwa ua ambalo wengi hulitaja kuwa yungiyungi. Walipotaka kuonyesha kwamba nchi imekuwa moja, walichora mimea hiyo miwili imefungwa pamoja kwa fundo. Yaani wagombea wetu wawili walikwisha kufungwa fundo huko Misri miaka elfu kadhaa iliyopita. Cha ajabu ni kwamba huko lilikochorwa kwenye kila nguzo ya hekalu, funjo la mwituni lilitoweka karibu kabisa, na huku juu ambako hakuna aliyelichongea jiwe, bado linazuia mitumbwi.

Kisha akanitazama mimi na daftari langu. "Na wewe katibu, hicho unachoandikia unakiitaje?" Karatasi. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, qirtasi, nao walilipata kwa Wagiriki, ambao kwao khartes ilikuwa ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo. Kila ninapoandika kumbukumbu za kamati hii, hata kama ni kwa daftari la dukani, nataja funjo. Mtu kama mimi ukimwambia jambo la namna hiyo, umemmaliza.

Waliobaki hawakuhitaji Misri. Mmoja aliyewahi kufanya kazi Kampala alitaja kinamasi cha Nakivubo, ambacho hupokea majitaka ya sehemu kubwa ya jiji kabla hayajaingia ghuba ya Murchison, karibu na Ggaba yanakovutwa maji ya kunywa. Mwaka 1999 watafiti walikadiria kazi hiyo ya usafishaji kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, na mafunjo yalionekana kusafisha vizuri kuliko majani mengine ya kinamasi hicho. Sehemu kubwa imeshalimwa magimbi tangu wakati huo. Mvuvi naye alisema ndani ya mafunjo hewa ya majini ni haba, kwa hiyo sangara, au mputa kama tunavyomwita Uganda, hathubutu kuingia, na visamaki vidogo alivyovimaliza ziwani vimejificha humo. Kamongo hajali, yeye anavuta hewa ya juu.

Mwenyekiti alifunga mjadala kwa hoja ya uzalendo. Ndege wa taifa, korongo taji, ngaali kwa Kiganda, yuko katikati ya bendera na pembeni mwa ngao ya taifa. Ni ndege wa kinamasi. Lakini mimea iliyochorwa kwenye ngao hiyo ni kahawa na pamba. Nyumba ya ndege haikuchorwa. "Sisi tutaichora nyumba yake," alisema. Tulipiga makofi. Mafunjo yalipata kura saba, mkindu nne, yungiyungi mbili. Mmoja wa hao saba ni mimi.

Kibao kinageuka shahidi wa upande wa pili

Sasa turudi kwa mkulima.

Hoja yake si ya kipuuzi, na wale walioniambia nimpuuze hawakuisikiliza. Aliinunua sehemu ile kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wa kijiji. Alipoinunua ilikuwa nyasi fupi, ng'ombe wakilishwa humo kiangazi. Hajafyeka funjo hata moja. Tangu enzi za miradi mikubwa ya Doho na Kibimba, watu wa mashariki wameona mpunga ukiingia mabondeni kwa baraka za serikali yenyewe. Yeye amefuata njia aliyoikuta. Na sisi tukaja kusimamisha mchoro unaosema, kwa rangi ya kijani na nyeupe, kwamba kinamasi ni mahali penye mafunjo.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1995 ilieleza ardhi oevu kuwa eneo linalofunikwa na maji muda wote au kwa msimu, ambamo mimea na wanyama wameizoea hali hiyo. Kisa chetu chote kimo kwenye maneno mawili: "kwa msimu". Funjo ni mmea wa "muda wote". Linataka miguu yake ikae majini mwaka mzima au karibu na hapo. Pale ambapo maji huja Machi na kuondoka Juni, kisha yakarudi Septemba, panaota majani mengine, mafupi, ya kijani kilichochakaa, ambayo ng'ombe huyajua kwa majina na sisi hatuyajui. Na sehemu kubwa ya ardhi oevu za Uganda ni za namna hiyo.

Nilipozirudia kumbukumbu niliona jambo ambalo lilinifanya nifunge daftari na kutoka nje kidogo. Katika mikutano minne, hakuna mtu hata mmoja aliyependekeza majani hayo, hata kwa utani. Sharti la tatu, lile la kutambulika kwa mbali, lilikuwa limeyaengua kabla hatujaketi. Mmea mrefu wenye kichwa cha ajabu unatambulika ukiwa barabarani. Nyasi za ukingoni hazitambuliki hata ukizikanyaga. Kwa kuchagua kinachoonekana tulichagua katikati ya kinamasi, na kinamasi hakiliwi kuanzia katikati. Kinaliwa kuanzia ukingoni, kwa jembe la mkono, tuta moja kwa msimu, mahali ambapo hakuna anayelia kwa sababu hakuna anayepaona. Takwimu za serikali zinasema ardhi oevu zilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, na kufikia 2019 zilizobaki salama ni asilimia 8.9. Siamini kwamba hizo zote zilipotea kwa watu kuvamia msitu wa mafunjo kwa mapanga. Ukilitazama bonde letu tu, mafunjo ya katikati bado yamesimama vizuri. Kilichokatwa ni sketi yake, zile nyasi za ukingoni.

Kuna hesabu nyingine iliyojificha humo. Kanuni za ardhi oevu za mwaka 2000 ziliruhusu matumizi ya jadi bila kibali: kuchota maji ya nyumbani, kuvua kwa migono na mikuki, kukata mafunjo na matete, na kulima, mradi eneo lililolimwa lisizidi asilimia 25 ya ardhi oevu hiyo. Robo. Lakini robo ya nini? Ukihesabu kuanzia pale nyasi zinapoloa, mashamba ya mpunga ya upande wetu peke yake yanakaribia kuimaliza robo hiyo, au yameshaipita. Ukihesabu kuanzia funjo la kwanza, mashamba yote hayo yako nje ya hesabu, na bado mtu anaweza kudai robo yake ndani ya mafunjo. Mchoro wa rangi mbili ulikuwa umesogeza mpaka wa hesabu bila mtu yeyote kupima kwa kamba. Na Katiba, Ibara ya 237, inasema ardhi oevu ziko mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo suala la kinamasi kinaishia wapi ni suala la nani mwenye mali. Sisi tulilijibu kwa brashi.

Yule ndege wa mwenyekiti naye alitugeuka. Korongo taji hatagi ndani ya msitu mnene wa mafunjo. Hutafuta kinamasi chenye majani ya wastani, maji ya kina kifupi, karibu na uwanda wa kulishia. Hutaga ukingoni, kwa maneno mengine. Karibu kabisa na matuta ya mpunga. Tulidhani tumeichora nyumba yake, kumbe tulichora ya jirani. Mwenye haki ya kuishi ndani ya mafunjo ni ndege mwingine, mweusi mgongoni, mwekundu tumboni, na utosi wa manjano, ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri. Huyo ukimnyang'anya mafunjo hana pa kwenda. Lakini hakuna aliyemtaja, kwa kuwa hayumo kwenye bendera.

Kambare ndiye aliyekuwa na ushahidi mzito zaidi, na sisi tulikuwa na mvuvi mezani. Mvua zinapoanza, kambare hutoka kwenye mkondo na kupanda hadi kwenye nyasi zilizofurika kutaga mayai. Mvuvi alilijua hilo tangu utotoni. Nilipomuuliza kwa nini hakulisema, alinijibu kwamba ajenda ilikuwa mmea, si samaki.

Lalamiko la pili nalipitia haraka, ingawa lilikuwa na ukali wake. Wiki chache baada ya kibao kusimama, kijana mmoja alimzuia yule mama wa majamvi asikate mafunjo, eti ni nembo. Mama alikuja kwangu na panga bado mkononi. "Mwanangu, mimi ndiye niliyelileta lile shina mkutanoni. Leo nimekuwa mwizi wake?" Kanuni zinamruhusu, na kukata kwa kiasi kunaliweka hai soko la mmea wenyewe, funjo lisilo na mnunuzi ni rahisi zaidi kugeuzwa shamba. Tulilazimika kupita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba kuchora kitu si kukipiga marufuku. Nadhani tulieleweka nusu.

Mkutano wa tano

Walikuwapo waliotaka nembo ifutwe na tuanze upya. Mwenyekiti alikataa: muhuri umeshachongwa, barua zimeshagongwa, na fedha ya rangi imeisha. Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu, tusidanganyane. Wengine walitaka mkulima aripotiwe. Yule mzee wa kikombe akasema hapana, kwanza tumwonyeshe maji yanafika wapi.

Wazee watatu wakatembea bondeni pamoja na mkulima mwenyewe. Kila mmoja alionyesha mahali ambapo maji yalifika katika mvua kubwa anazozikumbuka. Hawakukubaliana, mmoja alikuwa akisogeza maji kila alipofika karibu na shamba la shemeji yake. Lakini walipokuwa hawatofautiani sana, tulipigilia nguzo. Zikawa nguzo tano, kila moja ikiwa na misumari miwili: wa chini kwa mvua za kawaida, wa juu kwa mvua za kukumbukwa. Nguzo mbili ziliangukia ndani ya mpunga. Mkulima hakuzing'oa. Hakuahidi lolote, alisema tu kwamba msimu uliopo ameshapanda na atavuna.

Kibao hakikuondolewa. Fundi aliongeza chini ya mafunjo ukanda mpana wa nyasi fupi na mstari wa maji unaopita juu yake, akatutoza kwa hilo pia, na tukaandika: "Kinamasi kinaishia maji yanapoishia, si funjo linapoishia." Kando ya nguzo tulipanda mikindu. Miche mingi ililiwa na mbuzi. Iliyosalimika ni michache, na mzee huimwagilia yeye mwenyewe wakati wa kiangazi.

Nikiulizwa leo, ningeupigia kura mkindu. Unasimama pale pale kwenye ubishi, mguu mmoja kwenye tope na mmoja kwenye vumbi, na hata mtu aking'oa nyasi zote, mti huo utabaki ukionyesha kwamba maji huja hapo. Mafunjo yana kazi kubwa kuliko mkindu, hilo silikatai, na hadithi ya karatasi bado inanifurahisha. Ila kazi kubwa ya mmea ni jambo moja, na kazi ya kibao ni jambo jingine. Kibao kilihitaji mmea wa mpakani, na sisi watu wa mpakani, kati ya watu wote, hatukuliona hilo.

Mvua za Septemba zilichelewa, kisha zikaja kwa pamoja. Asubuhi moja nilishuka kuangalia nguzo nikakuta maji yameupita msumari wa chini na kuingia kati ya mistari ya mpunga, na watoto wanne wakiwa wameinama karibu na mguu wa kibao, wakipapasa kwenye nyasi kwa mikono. Walikuwa wameshatoa kambare wawili wenye mayai. Mkulima alikuwa amesimama pembeni, suruali imekunjwa hadi magotini, akiwatazama.

Aliniona, akautazama msumari, akaitazama ile nembo juu yake.

"Katibu," akasema, "sasa mwambieni fundi arudi amchore na huyu."